Jinsi ya kumiliki gari la familia la dizeli lenye moshi mdogo bila kuhamishia akiba yako gereji: mwongozo kamili

Malalamiko hufuata mkondo uleule kila mara. Mtu ananunua dizeli ya kisasa ili apunguze gharama. Miezi mitatu ya mwanzo anafurahia jinsi tanki linavyokaa. Kisha taa ya njano inawaka, gari linakosa nguvu mlimani, na fundi anataja matengenezo yanayomeza akiba yote ya mafuta na zaidi.

Si kwamba gari ni bovu. Dizeli ya siku hizi imebeba chini ya tumbo lake kiwanda kidogo cha kusafisha moshi, na kiwanda hicho hufanya kazi kikiwa cha moto tu. Anayeliendesha gari hili kama pikipiki ya kwenda dukani hulipwa masizi. Hatua zilizo hapa chini karibu zote zinahusu jambo hilo moja: joto.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo la kukaa ndani ya gari. Mali bila daftari hupotea bila habari.
- Kitabu cha maelekezo cha gari hilohilo, cha mwaka huohuo na injini hiyohiyo. Cha gari linalofanana nalo kitakupotosha.
- Kisomaji cha kompyuta ya gari, kile kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuonyesha namba kwenye simu. Hakikisha kinasoma kiasi cha masizi kwenye chujio la moshi na joto la maji ya injini. Vile vya rahisi kabisa husoma misimbo ya makosa tu, na hapa havitoshi.
- Kipimo cha upepo wa matairi.
- Tochi na kitambaa cheupe.
- Lita moja ya oili sahihi kama akiba. Maana ya "sahihi" iko hatua ya 5.
- Funeli safi kwa ajili ya AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi, hatua ya 8), kama gari lako linaitumia. Isiwe imewahi kugusa mafuta wala oili.

## Hatua ya 1: Pima safari zako kabla ya kupima gari

Kwa wiki mbili, ukiwa na gari lolote ulilonalo, andika kila safari: kilomita, dakika, na kama mshale wa joto ulifika katikati.

Sababu ni kwamba injini ya dizeli hubadilisha sehemu kubwa ya mafuta kuwa nguvu na kupoteza joto kidogo kuliko ya petroli. Hilo ndilo linaloifanya itumie mafuta machache, na hilohilo ndilo linaloichelewesha kupata moto. Safari ya kilomita 4 inaisha kabla injini haijachangamka.

Tafuta kitu kimoja katika daftari: je, kila wiki kuna angalau safari moja ya dakika 25 hivi mfululizo, barabara ikiwa wazi, mwendo ukizidi kilomita 60 kwa saa? Kama ipo, endelea. Kama haipo na hutaki kuitengeneza, ishia hapa utafute petroli au haibridi. Najua wengi huruka mstari huu kwa sababu gari wameshalipenda. Hao ndio hurudi na swali la taa ya njano.

## Hatua ya 2: Piga hesabu kwa lita

Weka bei pembeni kwanza, hesabu lita. Chukua gari la petroli linalokunywa lita 8 kwa kilomita 100 na la dizeli la ukubwa huohuo linalokunywa lita 6.

Kwa kilomita 20,000 kwa mwaka, petroli itataka lita 1,600 na dizeli lita 1,200. Umeokoa lita 400. Kwa kilomita 6,000 kwa mwaka umeokoa lita 120 tu. Sasa zigeuze lita hizo kuwa fedha kwa bei za kwenu, kisha uondoe gharama ambazo petroli haina: filta ya dizeli, oili maalumu, AdBlue, na akiba ya kusafisha chujio la masizi siku moja. Lita 120 mara nyingi hazifiki popote.

Kuhusu hewa chafu, usidanganywe na lita peke yake. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.64 za kaboni dayoksaidi, ya petroli takriban kilo 2.31. Katika mfano wetu, mafuta yamepungua kwa asilimia 25 lakini kaboni imepungua kwa asilimia 14 hivi. Faida ipo, ila ni ndogo kuliko inavyotangazwa.

## Hatua ya 3: Oanisha kiwango cha gari na mafuta unayopata

Magari mengi ya aina hii hutambulishwa kwa viwango vya Euro, yaani viwango vya Ulaya vya uchafu wa moshi. Kwa magari madogo ya dizeli, mipaka kwa kila kilomita ni hii:

- Euro 4: masizi miligramu 25, oksidi za naitrojeni miligramu 250.
- Euro 5: masizi miligramu 5, oksidi za naitrojeni miligramu 180.
- Euro 6: masizi chini kidogo ya miligramu 5, oksidi za naitrojeni miligramu 80.

Kutoka Euro 4 kwenda 5 masizi yameshuka mara tano. Kushuka huko kumeletwa na chujio la masizi, ambalo mafundi huliita DPF. Euro 6 ndiyo iliyosambaza AdBlue kwenye magari ya familia.

Ukitazama orodha utasema unataka Euro 6. Ngoja kwanza uulize salfa iliyomo kwenye dizeli ya vituo unavyovitegemea. Magari ya Euro 5 na 6 yalibuniwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Euro 4 iliandaliwa kwa 50. Salfa ikizidi, hudhoofisha vichocheo vya kusafisha gesi vilivyomo kwenye bomba la moshi, na gari huanza kulalamika bila kosa la dereva. Kama unachopata kwa uhakika ni 50, Euro 4 iliyotunzwa inaweza kukaa na wewe kwa amani kuliko Euro 6 inayolishwa mafuta isiyoyataka.

Tahadhari: anayekuambia atatoa chujio ili "upumue" anakuondolea sababu nzima ya kununua gari hili. Masizi yote yataenda kwenye mapafu ya watoto wanaokaa kiti cha nyuma na ya anayetembea pembeni. Isitoshe, nchi nyingi zimekataza, na gari hufeli ukaguzi.

## Hatua ya 4: Kagua gari lililotumika likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina moto, rudi siku nyingine. Injini yenye joto huficha plagi za hita zilizokufa, nozeli zinazovuja na mlio wa cheni.

Fanya kwa mpangilio huu:

1. Chomoa kijiti cha oili. Kiwango kikiwa juu ya alama ya juu na oili inanuka dizeli, gari limekuwa likishindwa kuunguza masizi yake. Dizeli imeteremka kwenye oili.
2. Ingiza kitambaa cheupe kwenye mdomo wa bomba la moshi. Kwenye gari lenye DPF nzima, kitambaa hutoka kisafi au na kijivu kidogo. Kikitoka cheusi tititi, chujio limepasuka au limetolewa.
3. Mulika tochi chini. Tafuta alama za kuchomelea kwenye kopo la chujio. Kiwandani hawachomelei kwa mkono.
4. Washa. Moshi mweupe mwepesi wa sekunde chache si neno. Mweusi unaodumu au wa buluu ni neno zito.
5. Chomeka kisomaji. Soma kiasi cha masizi, kiasi cha majivu kama kinapatikana, na kilomita tangu chujio lilipojisafisha mara ya mwisho (hatua ya 7 inaeleza).
6. Endesha nusu saa, pamoja na kilima. Ukiachia klachi ukasikia mtetemo wa kugongagonga, shuku flaiwili ya vipande viwili, lile gurudumu zito kati ya injini na klachi. Kuibadilisha si kazi ya bei ya chini.

Kuhusu namba ya tano: gari linalojisafisha kila baada ya kilomita mia kadhaa ni la kawaida. Linalojisafisha kila kilomita 60 au 80 lina tatizo ambalo muuzaji anakukabidhi wewe.

Uliza pia risiti za oili, usiridhike na muhuri kwenye kitabu. Muhuri hausemi ni oili gani iliyomwagwa humo.

## Hatua ya 5: Weka oili ya majivu machache

Hapa ndipo chujio zuri huuawa taratibu na mtu anayedhani anabana matumizi.

Masizi huungua. Majivu hayaungui. Majivu hutoka kwenye viungo vilivyomo ndani ya oili. Kila tone la oili linaloungua huacha chembe ndani ya chujio, na hapo zinabaki. Kwa hiyo gari lenye DPF hutaka oili yenye majivu machache. Kwenye kopo, tafuta alama ya ACEA (chama cha watengenezaji magari wa Ulaya) inayoanza na herufi C: C3 ina majivu yasiyozidi asilimia 0.8, C4 haizidi 0.5. Oili ya A3/B4, hata iwe ghali kiasi gani, huruhusu majivu mengi zaidi.

Alama ya C peke yake haitoshi. Kitabu cha gari hutaja idhini ya mtengenezaji, namba fulani ndefu. Namba hiyo lazima ionekane nyuma ya kopo. "Inafaa kwa dizeli zote" ni maneno ya tangazo.

Kama safari zako ni fupifupi au zina foleni, usisubiri kilomita 20,000 au 30,000 ambazo vitabu vingine huruhusu. Mimi humwaga oili kila kilomita 10,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Oili ni bei ya chini kuliko tabochaja (tabo, pampu inayosukuma hewa kwenye injini), na tabochaja huishi kwa oili hiyohiyo.

## Hatua ya 6: Linda mfumo wa mafuta

Pampu za dizeli za kisasa husukuma mafuta kwa mgandamizo unaofika bari 2,000 na kupita. Nafasi kati ya vyuma ni nyembamba kuliko unywele. Maji kidogo au vumbi kidogo hukwaruza, na chembe za chuma hiyo husambaa hadi kwenye nozeli zote.

Jaza kwenye kituo chenye wateja wengi, kwa sababu mafuta yake hayakai. Badilisha filta ya dizeli kwa wakati, na kama ina kizibo cha kutolea maji, kifungue kila unapobadilisha oili. Usikubali tanki likae chini ya robo: magari mengi hukataa kujisafisha mafuta yakiwa kidogo.

Ukijaza petroli kwa bahati mbaya, usigeuze hata ufunguo. Kwenye magari mengi, kufungua swichi tu huamsha pampu ya tanki. Sukuma gari pembeni, tanki lifyonzwe. Kosa lililogundulika kituoni humalizwa kwa kazi ya saa moja. Likigundulika baada ya kilomita mbili, hesabu ni nyingine kabisa.

## Hatua ya 7: Lipe joto, na ulijue linapojisafisha

Kama utaisoma hatua moja tu, isome hii.

Chujio linasafishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kimyakimya: barabara ndefu hupasha moshi joto la kutosha, masizi yanaliwa taratibu bila wewe kujua. Ya pili huamriwa na kompyuta masizi yanapofika kiwango fulani: mafuta ya ziada hunyunyizwa, joto la chujio hupanda hadi karibu nyuzi 600 za Selsiasi, na masizi huungua kwa dakika 10 hadi 20.

Kasheshe ni pale unapozima gari katikati ya dakika hizo. Ukifanya mara moja, si tatizo. Kompyuta itajaribu tena. Ukifanya mara tano mfululizo, masizi yanarundikana na sehemu ya yale mafuta ya ziada hupita pembeni mwa pistoni na kuteremka kwenye oili.

Dalili kwamba gari linajisafisha sasa hivi:

- Mzunguko wa injini ukiwa umesimama uko juu kidogo kuliko kawaida.
- Mfumo wa kuzima injini kwenye taa za barabarani umekataa kufanya kazi.
- Matumizi ya papo kwa papo yamepanda bila sababu.
- Feni inavuma kwa nguvu, na kuna harufu ya chuma cha moto.

Ukiziona, usizime. Pita nyumbani, zunguka dakika kumi, urudi. Ukilazimika kuzima, usiegeshe juu ya majani makavu; bomba lina joto la kuwasha moto.

Taa ya chujio ikiwaka peke yake, bila taa ya injini, gari linaomba barabara. Lipeleke kwenye njia iliyo wazi, mwendo uzidi kilomita 60 kwa saa, mzunguko wa injini ukae kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 hivi. Kitabu chako kikitaja namba nyingine, kifuate hicho. Umefanikiwa taa ikizimika yenyewe na kisomaji kikionyesha masizi yameshuka.

Taa ya injini ikiwaka pamoja nayo, usijaribu hilo. Kompyuta imeshafunga zoezi, na kukimbiza gari kutaongeza masizi tu. Soma msimbo kwanza.

Sasa kisa kifupi. Gari langu la kwanza la aina hii lilikataa kujisafisha kwa miezi minne ingawa nililikimbiza kila Jumamosi. Fundi mmoja alinibadilishia sensa mbili, akaanza kulitazama chujio kwa jicho la kulitupa. Nilipochomeka kisomaji mwenyewe na kutazama joto la maji, lilikuwa nyuzi 68, barabara kuu, dakika ya thelathini. Mshale wa dashibodi ulikuwa karibu katikati, umetulia, unadanganya. Thamostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, ilikuwa imekwama wazi. Kompyuta haianzishi usafishaji injini ikiwa baridi, kwa hiyo ilikuwa inasubiri joto ambalo lisingekuja. Kipuri hicho kilikuwa miongoni mwa vya bei ya chini kabisa katika injini nzima.

Ndiyo maana nasema: kabla hujakubali kubadilishiwa chujio, tazama joto la maji. Likae kati ya nyuzi 80 na 95 baada ya dakika 15 za mwendo. Kisha kagua mipira ya tabo kama imepasuka, valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) kama imegandamana masizi, na sensa ya mgandamizo wa chujio pamoja na vimirija vyake. Chujio lililojaa mara nyingi ni mgonjwa wa ugonjwa wa mwingine.

Majivu yakijaa baada ya kilomita nyingi, chujio hufunguliwa na kuoshwa kwa mashine maalumu. Dawa ya kumwaga tankini inaweza kusaidia masizi, lakini majivu haiyagusi.

## Hatua ya 8: AdBlue

Ni mchanganyiko wa urea asilimia 32.5 na maji yaliyotolewa chumvi. Hupulizwa kwenye moshi na kugeuza oksidi za naitrojeni kuwa naitrojeni na mvuke wa maji. Gari la familia kwa kawaida hutumia lita 1 hadi 2 kwa kilomita 1,000.

Onyo la kwanza likitokea, jaza wiki hiyohiyo. AdBlue ikiisha kabisa na ukazima gari, haliwaki tena hadi ijazwe. Limepangwa hivyo kisheria. Nunua kopo lenye alama ISO 22241, lihifadhi kivulini, na usinunue la miaka mingi. Huganda likifika nyuzi 11 chini ya sifuri, lakini likiyeyuka halijaharibika.

Kizibo chake ni cha buluu na mara nyingi kiko jirani na cha dizeli. AdBlue ikiingia kwenye tanki la dizeli huacha fuwele zinazoua pampu. Kanuni ni ileile ya petroli: usigeuze ufunguo. Ikidondoka kwenye rangi, osha kwa maji kabla haijakauka kuwa unga mweupe.

## Hatua ya 9: Endesha kwa wepesi, lakini usiibane injini

Asubuhi, washa na uondoke taratibu baada ya nusu dakika. Kuliacha linanguruma dakika kumi "lipate moto" hutengeneza masizi, na joto lenyewe halipatikani. Ukitoka kwenye mwendo mkali au kilima kirefu, liache dakika moja kabla ya kuzima ili tabo ipoe na oili ikizunguka.

Kosa la wabanaji mafuta ni kuweka gia ya juu mwendo ukiwa mdogo, injini ikigugumia chini ya mizunguko 1,300. Unaokoa matone na kulipa kwa masizi kwenye EGR na mapigo kwenye flaiwili. Ibaki juu ya 1,500 unapovuta.

Upepo wa matairi upimwe yakiwa baridi, kila mwezi, na uongezwe kama kibandiko cha mlangoni kinavyoelekeza familia yote inapopanda na mizigo. Keria ya juu ya paa ikiwa haina kazi, iteremshe.

## Hatua ya 10: Pima kama kweli ni rahisi

Jaza tanki hadi bomba litakapojifunga lenyewe mara ya kwanza, sifurisha kilomita, endesha, jaza tena vilevile. Gawa lita kwa kilomita, zidisha kwa 100. Lita 46 kwa kilomita 820 ni lita 5.6. Fanya kwa matanki matatu, kwa sababu moja hudanganya. Kipimo cha dashibodi nacho mara nyingi hujipendelea.

Zidisha jibu kwa 26.4 upate gramu za kaboni dayoksaidi kwa kilomita. Kwa 5.6 ni karibu 148. Hiyo ndiyo namba yako halisi, si ile ya kwenye tangazo.

Kwenye ukurasa huohuo wa daftari andika kila mwezi: kiwango cha oili kwenye kijiti, masizi yaliyosomwa, na kilomita kati ya usafishaji mmoja na mwingine. Umbali huo ukianza kufupika, kutoka 500 kwenda 350 kisha 200, kuna kitu kinaharibika hata kama hakuna taa yoyote iliyowaka. Rudi hatua ya 7, anza na joto la maji.